Mwaka Nilipotia Nyimbo Zetu Kwenye Simu

Siku ya kumuaga Felesia tulikuwa watu saba nyumbani kwake Ziwani, na nitawataja wote ili asije mtu akasema nilimruka. Felesia mwenyewe, aliyeanzisha nyimbo katika kikundi chetu tangu watoto wetu wakivaa kaptura za shule, na ambaye sasa anarudi Vihiga kukaa na mwanawe wa kwanza. Elamu, mwenyekiti wetu, aliyestaafu kazi ya reli. Mkewe Roselida, binamu ya Felesia kwa upande wa mama. Benta Kageha, anayeanzisha nyimbo siku hizi. Jentriksi, mwenye chumba cha kuchapa karatasi kule Lucky Summer, ambaye si mwanachama lakini hatuwezi kula bila kumwita. Mama Njeri wa mlango wa pili, aliyekuja kuazima sufuria akaambiwa aketi. Na mimi, Rispa, niliyeuza chai na mandazi karibu na viwanda vya Baba Dogo mpaka magoti yakanikataza. Habari za wazazi wangu na jinsi nilivyofika Nairobi sitazieleza, hazina kazi hapa.

Tulikula ugali, mrenda na kuku wa kienyeji aliyetoka nyumbani akiwa hai. Kwetu firigisi hupewa mwanamume mkubwa wa pale mezani, na mwanamume alikuwa mmoja tu. Felesia akapapasa kwenye bakuli, maana macho yake siku hizi ni ya kupapasa, akaipata, akaiweka kwenye sahani yangu. Elamu akaifuata kwa macho mpaka ikatua. “Hiyo imepotea njia,” akasema. “Haijapotea,” Felesia akamjibu. “Wewe umekula zako miaka yote. Hii ni ya Rispa, kwa ajili ya ule mwaka wa kitabu.” Mama Njeri akauliza ni mwaka gani huo, basi wote wakaanza kumweleza kwa pamoja. Roselida akasema ni Jentriksi aliyefanya kila kitu. Jentriksi akasema yeye alileta kiti tu. Elamu akasema yeye alijua tangu mwanzo kwamba mambo yatakuwa sawa, na hapo hata Benta akacheka mpaka akaweka tonge chini. Nilikula firigisi yangu polepole nikiwasikiliza, nikaona kila mmoja ana mwaka wake. Ndipo nikaamua kuandika wangu, kwa mkono wangu mwenyewe, mkono ulioacha shule darasa la nne.

Nilikuwa na miaka sitini na minane mwaka ule. Kikundi chetu ni cha watu wa magharibi, wengine wa Ziwani, wengine wa Lucky Summer, na Jumapili mchana tunakutana kwa nyumba hii au ile, tunaomba, tunaimba kwa lugha ya nyumbani, tunakunywa chai. Tuna kitabu chetu cha nyimbo. Jentriksi ndiye aliyekipanga kwa kompyuta kabla hakijachapwa, maana nyimbo zilikuwa kwenye madaftari ya watu watano tofauti na kila daftari lina mwandiko wake. Mpango wetu wa kuimba ni huu: mwenyekiti anataja nambari, watu wanafungua, na mwanzishaji anatoa mstari wa kwanza peke yake. Sisi wengine tunaingia mstari wa pili. Mwanzishaji akikosea, hakuna wa kumficha. Felesia alikuwa na sauti ambayo ukiwa nje unaosha vikombe unaviacha kwenye maji. Lakini mwaka ule alianza kuchanganya beti. Ubeti wa pili unaenda mahali pa nne, wa tatu unarudiwa, na sisi tunamfuata nyuma kama watu wanaoongozwa gizani. Alishika kitabu mbele ya uso kama mtu anayesoma, na mimi niliyekaa karibu naye niliona siku moja kwamba amekishika juu chini.

Sikumwambia mtu. Lakini wengine nao walikuwa na macho. Jumapili moja kwa Roselida nilikuwa jikoni nakausha sahani, na jikoni ya nyumba zile imetenganishwa na sebule kwa pazia tu. Elamu alikuwa anaongea na Benta kwa sauti anayodhani ni ya chini. “Mama amechoka. Tumheshimu, tumpe kiti cha mbele, lakini nyimbo ushike wewe.” Benta akasema, “Mzee, mimi siwezi kumnyang’anya.” “Hakuna kunyang’anya. Tutaweka kwa ajenda siku ya shukrani, watu wainue mikono, iishe.” Roselida akapita na birika, akaniona nimesimama na sahani moja mkononi, akaendelea na njia. Ilikuwa imebaki kama miezi miwili kufika shukrani, mkutano wetu mkubwa wa kila mwaka. Felesia hakuwa na mume, wala shamba la kutembelea wikendi, wala cheo popote. Alikuwa na ile nafasi ya kutoa mstari wa kwanza. Nilimjua vya kutosha kujua kwamba akipewa kiti cha mbele bila kazi, ataacha kuja, na akiacha kuja hatakaa sana duniani.

Kesho yake nikaingia kwa Jentriksi. Kibanda changu kilikuwa kimeegemea ukuta wake, kwa hiyo mvua ikinyesha nilihamishia birika kwake, na tulijuana hivyo. Chumba chenyewe kilikuwa na kompyuta tatu, printa moja yenye kikohozi, mabenchi mawili, na harufu ya karatasi moto. Vijana walikuja kujaza fomu za kazi, akina mama kupiga picha za vitambulisho. Nikamwambia nataka kitabu cha nyimbo chenye herufi kubwa kama kucha ya kidole gumba. Akacheka. “Kukhu, hicho kitabu utakibeba kwa mkokoteni.” Hilo la Kukhu, yaani bibi, ndilo aliloniita siku zote. Akanionyesha faili la kitabu kwenye simu yake: ukurasa ule ule wa karatasi, mdogo. Ukiuvuta ukue, maneno yanatoka nje ya kioo, unasoma nusu mstari, unasukuma kutafuta nusu nyingine. “Hii imefungwa vile ilivyopangwa,” akasema. “Ukitaka maneno yajipange upya kila ukiongeza herufi, lazima kitabu kigeuzwe kiwe cha simu. Si picha ya ukurasa. Kitabu chenyewe.” Nikamuuliza kama anajua kugeuza. Akasema anajua kidogo, kuna programu, lakini nyimbo zile zilipangwa zamani na faili limejaa alama, kila wimbo unahitaji kusafishwa kwanza, na yeye ana fomu za watu. Kisha akaniangalia. “Wewe ukimaliza kuuza chai ya saa nne unakaa tu. Kaa hapa uandike mwenyewe.”

Nilidhani ananitania. Nilikuwa nimejaribu kile kidude cha kusukuma kwa mkono na mshale ulikuwa unakimbia kama panya. Lakini Jentriksi alifungua kidirisha cheusi kisicho na picha hata moja, kina maandishi tu, akasema kwa kazi hii hakuna kusukuma. Unaandika amri, unagonga, inajibu. Neno la kwanza ni jina la programu. La pili ni jina la faili unalotoka nalo. Halafu kistari na herufi o. Halafu jina la kitabu unachotaka kitoke, na mwisho neno la kuiambia ihesabu nyimbo. Nafasi moja katikati ya kila neno, wala si mbili, wala si sifuri. Akaandika mara moja mbele yangu, akafuta. “Haya.” Nikaandika. Mimi nimekaa na majina maisha yangu yote. Ninakumbuka nani alioa wapi, mtoto wa tano wa nani aliitwa nani na alizaliwa siku gani ya juma. Watu husema ni kipawa, lakini hakikuwahi kunipa kazi. Kumbe kuna mashine ambayo haitaki kingine ila ukumbuke jina kamili, kwa mpangilio wake, bila kuruka. Kijana mmoja aliyekuwa anasubiri fomu yake akachungulia bega langu. “Sasa Kukhu, umeacha mandazi?” Nikamwambia akae kando, ananizibia mwanga.

Mara ya kwanza mashine ilinijibu kwamba hakuna faili kama hilo. Nilikuwa nimelipa jina la maneno mawili, nyimbo zetu, nikaacha nafasi katikati, nayo ikadhani ni mafaili mawili, moja linaitwa nyimbo na jingine zetu. Nikayaunganisha, ikakubali. Siku nyingine nilisahau kufunga mabano mwisho wa kichwa cha wimbo wa arobaini, na nyimbo zote zilizofuata zikawa kichwa kimoja kirefu. Mashine ikaniambia ni mstari gani nilipokosea. Nilipenda hilo. Shuleni mwalimu alinichapa bila kuniambia nimekosea wapi. Nilisafisha nyimbo tano kwa siku, siku za mvua hata saba, chai yangu ikipoa pembeni, na ikifika saa sita narudi kibandani kwa watu wa kiwanda. Jioni za kwenda Ziwani nilikula viazi vitamu na Felesia, na sikumwambia ninachofanya. Nilikuwa na furaha ya mtu aliyeficha kitu kizuri chini ya kitanda. Hata sasa nikiulizwa ni wakati gani nilikuwa sina ninachodai maishani, ninaliona lile benchi.

Kitabu kikatoka. Jentriksi akakiweka kwenye simu ya Felesia, ile aliyonunuliwa na mwanawe, akamwonyesha pa kugusa. Felesia akaongeza herufi mpaka mstari mmoja ukawa maneno matatu. Akasogeza simu karibu na pua, akasoma ubeti wa tatu wa wimbo wa kwanza, kimoyomoyo, midomo ikicheza. Kisha akasema, “Kumbe hapa ni ‘alitungoja’. Mimi nimekuwa nikiimba ‘alitupenda’ miaka yote hii.” Nikamwambia hata hilo si kosa kubwa. Akagusa orodha, akaruka mpaka wimbo wa hamsini na mbili, akarudi. Alikaa na simu ile mchana mzima na hakuniuliza kama nimekula.

Sasa nije kwa kosa langu. Jumapili moja kabla ya shukrani tulikutana kwa Benta, Lucky Summer. Mamake Benta alikuwa mgonjwa, amelala chumba cha ndani, mlango wazi ili asikie. Elamu akataja kumi na nne, Felesia akaanzisha bila doa. Akataja hamsini na mbili, Felesia akaanzisha, beti zote tano, na nikamwona Roselida akimgusa mumewe kwa kiwiko. Kisha Elamu akasema, “Kwa ajili ya mama, mia moja na kumi na mbili.” Hiyo kwenye kitabu ni wimbo wa kumwombea mgonjwa, wa polepole. Felesia akatazama simu, akajaza kifua, na akatoa kwa sauti yake yote wimbo wa mavuno, ule wa kupiga makofi. Aliimba mstari mzima peke yake. Hakuna aliyeingia. Watu walikuwa na vitabu vyao wazi, wakaangalia vitabu, wakaangalia sakafu. “Mama,” Elamu akasema, “tumesema mia moja na kumi na mbili.” “Ndiyo hii.” “Hiyo ni kumi na tatu.” “Hapa imeandikwa kumi na mbili.” Elamu hakubishana. Alifunga kitabu chake taratibu na kumwambia Benta aanzishe, na Benta akaanzisha akilia, na mimi sijui alikuwa anamlilia nani kati ya mamake na Felesia. Kwenye chai hakuna aliyesema neno kuhusu jambo hilo, ndivyo nilivyojua wameshaamua. Tukiwa tunavaa viatu mlangoni Felesia aliniambia, “Kichwa kiliniambia ni ule mwingine. Lakini nikaona kitabu kinasema huu, nikaamini kitabu. Basi kumbe ni kichwa kimeanza kwenda.” Nilimwambia ni baridi tu.

Jumatatu sikuuza chai. Nilichukua kitabu cha karatasi kwa mkono huu na simu ya Jentriksi kwa mkono huu, nikaanza wimbo wa kwanza. Moja, moja. Mbili, mbili. Jentriksi akawa anafanya kazi za watu na mimi nahesabu kama mtoto. Nikafika sitini na sita, sawa. Nikafunua. Kwenye karatasi, baada ya sitini na sita inakuja sitini na nane. Kwenye simu, ilikuwa imeandikwa sitini na saba. Nikaweka vyote viwili mezani.

Lazima nieleze. Sitini na saba ulikuwa wimbo wa Loise Musimbi, aliyeanzisha kikundi chetu. Aliutunga mwenyewe na hakuna mwingine aliyeuanzisha akiwa hai. Tulipomzika tulikubaliana pale pale kaburini kwamba wimbo uende naye, na nambari yake isipewe wimbo mwingine wala isiandikwe. Kila mwanachama anajua: baada ya sitini na sita tunaruka. Jentriksi alipokipanga kitabu alikuwa ameiambia programu ya kupanga kurasa ihesabu nyimbo yenyewe, na pale akatia mstari mmoja mdogo wa kuiambia iruke. Programu ya kugeuza haikujali ule mstari. Ilihesabu moja kwa moja kama mgeni, ikampa Loise mrithi, na kuanzia hapo kila wimbo ukawa umesogea nafasi moja. Mashine haikulalamika, maana kwake halikuwa kosa. Na mimi nilikuwa nimekikagua kitabu kama mchele wa haraka, juu juu. Mimi ninayejua tarehe aliyofariki Loise, nilipita pale na nisione.

“Hiyo ni rahisi,” Jentriksi akasema. “Tunatia ukurasa mtupu. Sitini na saba, jina lake, basi. Hesabu inakaa sawa. Hata ni heshima.” Ilikuwa kazi ya dakika moja, na nilishawishika. Lakini niliacha vyote mezani nikaenda Ziwani kumuuliza Felesia, nikamweleza yote, kwamba kichwa chake ni kizima na kosa ni langu. Alikuwa anachambua kunde. Akamaliza fungu kwanza. “Kwa hiyo sijachanganyikiwa.” “Hujachanganyikiwa.” “Rispa, wiki nzima ungeniacha nikae na hilo?” “Ilikuwa siku moja, Felesia.” Akacheka kwa pua. Nikamuuliza kuhusu ukurasa mtupu. Akatikisa kichwa. “Tulisema isiandikwe. Na mimi najijua, nikiiona hiyo nambari mbele yangu nitaiimba.”

Basi ikabaki njia ndefu. Jentriksi alisema pengine kuna njia fupi lakini yeye haijui. Tuliondoa kwenye amri lile neno linaloiambia mashine ihesabu, na mimi nikaandika nambari za nyimbo zote kwa vidole vyangu viwili, moja moja, kwenye kichwa cha kila wimbo, mia mbili na kumi na tatu, ya mwisho ikiwa mia mbili na kumi na nne. Jumanne, Jumatano, Alhamisi, Ijumaa. Watu wa kiwanda walikunywa chai ya mwingine wiki ile. Nikifika sitini na sita nilisimama, nikanywa maji, nikaandika sitini na nane. Jumamosi niligonga amri, kitabu kikatoka, na safari hii nilikisoma chote, kila wimbo, kitabu cha karatasi kando, mpaka Jentriksi akaanza kufagia miguuni pangu.

Siku ya shukrani tulijaa kwa Elamu hadi kwenye korido. Nilikuwa nimemwambia Elamu asubuhi kwamba kosa lilikuwa langu na nimelirekebisha, naye akasema, “Tutaona, mama,” kama mtu anayeongea na mlevi mpole. Hakutaja wimbo mwepesi. Alitaja mia moja na kumi na mbili kwanza. Felesia akasogeza simu puani. Nilisikia mtu akivuta pumzi, nadhani ni mimi. Akaanzisha wimbo wa mgonjwa, polepole, na tukaingia. Ubeti wa nne Elamu mwenyewe aliruka mstari kwenye karatasi yake, akapotea, Felesia akapandisha sauti kidogo akambeba mpaka akarudi njiani. Ubeti wa tano wengi hatukuwa tumewahi kuufikia, kwa sababu tulizoea kukomea wa tatu anapochoka mtu. Felesia alituimbia mpaka mwisho. Elamu akajaribu themanini na moja, kisha mia mbili na kumi na nne. Zote sawasawa. Baada ya maombi akavaa miwani, akafungua daftari la ajenda, akalitazama kwa muda. Kisha akafunua ukurasa. “Sasa tuje kwa mambo ya viti vya kukodi,” akasema. Benta, aliyekuwa amekaa mbele yangu, mabega yake yakashuka kama mtu aliyetuliwa debe la maji kichwani.

Felesia alianzisha nyimbo miaka mingine minne, na siku alipoona inatosha alimwambia Benta mwenyewe, mbele ya watu, bila ajenda ya mtu. Mimi nilirudi kwenye chai, lakini Jumatatu nyingi nilikaa kwa Jentriksi nikageuza vitabu vya watu wengine, katiba ya kikundi cha bodaboda, mahubiri ya mchungaji mmoja, na nilijulikana. Nimeandika haya kama ninavyoyakumbuka. Kama ubeti aliopotelea Elamu haukuwa wa nne, au mamake Benta alikuwa amelala sebuleni wala si chumbani, au kuna aliyekuwapo na sikumtaja, anitumie ujumbe. Faili liko kwangu. Nitasahihisha mstari wake, nigonge amri, kisa kitoke upya.